Miaka Ishirini Iliyoachwa Ufukweni

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika pwani ya Kenya upande wa Malindi, mwanamke mmoja Mjerumani alijiandikisha katika mafunzo ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Alitakiwa ataje mwaka wake wa kuzaliwa. Alikuwa amezaliwa Berlin tarehe 22 Agosti 1902, lakini alijipunguzia miaka 20, na kwa hesabu ya karatasi mwalimu akawa anamfundisha mtu wa miaka hamsini na kitu. Alifuzu. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata alizamia katika Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu na Pasifiki, akatoa vitabu viwili vya picha za chini ya maji, mwaka 1978 na 1990. Mwezi Agosti 2002, alipokuwa anatimiza miaka 100, filamu yake ya mwisho, Impressionen unter Wasser, ilionyeshwa kwenye televisheni. Alikufa mwaka uliofuata. Jina lake ni Leni Riefenstahl.

Kisa hiki hupendwa sana na wanaotetea haki ya mzee kuanza kuzamia. Husimuliwa kwa kicheko: bibi kizee aliyewazidi akili wenye fomu zao. Ni mara chache msimulizi hutaja kwamba bibi huyo ndiye aliyewatengenezea Wanazi filamu ya Triumph des Willens (1935) na kisha Olympia (1938). Au kwamba kwa filamu yake ya Tiefland aliwachukua Wasinti na Waroma kutoka kambi za Maxglan na Marzahn wacheze nafasi za pembeni, na wengi wao baadaye wakapelekwa Auschwitz. Au kwamba alikwenda kaburini bila kukubali kuwa ana hatia yoyote. Na ni mara chache zaidi hutajwa kwamba bahari aliyojifunzia ni yetu, na kwamba bahari hiyo ilikuwa na historia ndefu ya wazamiaji kabla yake. Hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha. Swali la kama mtu aliyekwisha kustaafu aanze kupiga mbizi huulizwa kana kwamba ni la moyo na mapafu peke yake, na jibu lake hutafutwa kwa daktari. Mimi naliona pia kuwa ni swali la historia: nani alizamia, kwa amri ya nani, umri wake aliujua nani, na nani aliyembeba alipozidiwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kinatofautisha kuzama na kuzamia. Anayezama amekwenda chini bila kutaka. Anayezamia ana kitu anachokifuata huko chini. Kauli ya kutendea imebeba nia. Kupiga mbizi ni tendo la mwili, na hata mtoto hulifanya akicheza bandarini. Kuzamia ni kazi. Halafu vijana wa Dar es Salaam wakalitwaa neno hilo wakaliongezea maana: kuzamia meli, yaani kujificha ndani ya chombo kinachong'oa nanga hadi kifike kinakokwenda, na mzamiaji akawa mtu aliyekwenda ng'ambo bila karatasi. Naandika haya nikiwa Malvern, mashariki ya Johannesburg, mtaa ulio mbali kwa mamia ya kilomita na bahari yoyote, ambako katika Jules Street, mbele ya safu za magari yaliyotumika, Kiswahili cha Kongo na cha Tanzania husikika bila kukitafuta. Hapa ukimtaja mzamiaji hakuna atakayefikiria mtungi wala miwani ya maji. Watafikiria Durban, tumbo la meli, na siku nyingi za kugawana chupa moja ya maji. Waliofika kwa njia hiyo miaka ya 1990 wakiwa vijana sasa wana mvi. Ukiwauliza kama wangependa kuzamia kwa starehe watakucheka, na kicheko chao kina hoja ndani yake. Neno letu limezoea haja. Bado halijazoea burudani.

Haja hiyo ilikuwa na sura kali zaidi Ghuba. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, lulu za Bahrain, Qatar, Kuwait na pwani ambayo leo ni Umoja wa Falme za Kiarabu zilitafutwa Bombay, Paris na New York. Mahitaji ya mikono yaliongezeka, au niseme mahitaji ya mapafu, na sehemu kubwa ya mapafu hayo ilitoka Afrika Mashariki. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake Slaves of One Master (2015), ameonyesha jinsi biashara ya watumwa kwenda Arabia ilivyolishwa na tamaa ya dunia kwa bidhaa mbili, tende na lulu, na jinsi ilivyoendelea hata baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja.

Utaratibu wa kazi unajulikana vizuri. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio cha mfupa au gamba, akaingiza mguu katika kitanzi cha kamba yenye jiwe, akashuka na kikapu, akakwanyua chaza kwa muda wa pumzi moja, kisha akatikisa kamba ili mwenzake aliyebaki juu amvute. Msimu mkuu ulikuwa wa kiangazi, miezi kama minne mfululizo, na kwa siku moja mtu alishuka mara makumi. Mchana alikula kidogo sana, kwa kuwa tumbo lililojaa halivumilii kina. Masikio yalipasuka, macho yaliliwa na chumvi, ngozi ikatoka vidonda. Pato la mtumwa lilikwenda kwa bwana wake. Mtu huru naye alifungwa na deni kwa nahodha, deni ambalo msimu mzuri haukulimaliza na msimu mbaya uliliongeza.

Mwaka huo huo wa 1873, watu walionyang'anywa kutoka majahazi ya watumwa na manowari za Uingereza walianza kushushwa Durban. Wazao wao huitwa Wazanzibari hadi leo, ingawa wengi wao asili yao ni Wamakua wa Msumbiji. Waliishi Bluff, kando ya bandari, hadi serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Jahazi moja lilikamatwa na watu wake wakawa vibarua wa Natal. Jingine liliponyoka na watu wake wakashushwa Ghuba. Msomaji wa Afrika Kusini anayedhani lulu za Ghuba hazimhusu na aanzie Chatsworth.

Hapa pana kinaya ambacho sijaona kikitajwa na wanaomsifu mama wa Malindi. Riefenstahl alikuja Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1956, na alikuja kuandaa filamu juu ya biashara ya watumwa, iliyokusudiwa kuitwa Die schwarze Fracht, yaani shehena nyeusi. Alipata ajali mbaya ya gari, akalazwa hospitalini Nairobi akiwa nusu mfu, na filamu haikukamilika. Baadaye aligeukia Wanuba wa Sudan, akatoa vitabu vya picha vilivyosifiwa sana, hadi Susan Sontag alipoandika mwaka 1975 kwamba mapenzi yale ya miili mizuri na yenye nguvu yalikuwa ya zamani, yamebadilisha mavazi tu. Miaka hiyo hiyo Riefenstahl alikuwa ameshaingia majini. Chini ya maji hakuna mtu wa kuulizwa habari zake wala wa kukuuliza zako. Samaki hawana historia, au tuseme hawana ya kutushtaki nayo. Sishangai kwamba alipapenda.

Katika pwani yenyewe kuzamia kuliendelea kuwa kazi ya kujipatia riziki. Wavuvi wa kamba na pweza huzamia kwa pumzi yao, kwa miwani na mapezi, na wapo wanaofanya hivyo hadi utu uzima mkubwa bila mtu kuona kuwa ni ajabu. Mtungi wa hewa ulipowafikia wavuvi haukuja kama mchezo. Ulikuja kwa sababu ya jongoo bahari, anayekaushwa na kuuzwa China. Walipokwisha katika maji mafupi, vikosi vya wazamiaji kutoka Unguja walifunga mitungi mgongoni wakawafuata kwenye kina, wakihama kutoka eneo hadi eneo kadiri mavuno yalivyopungua. Mafunzo yalikuwa haba, na waliopanda juu haraka mno walirudi nyumbani na viungo visivyotii. Kenya imekataza kuvuna jongoo bahari kwa mitungi. Mtungi huo huo, katika bahari hiyo hiyo, humpa mtalii picha za pono na taa na humwacha mvuvi na mguu unaoburuta.

Kuna wengine ambao sasa wanaombwa wateremke, na wao si vijana. Kilimo cha mwani kilianza upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, Paje na vijiji jirani, na kikawa kazi ya wanawake. Walioanza wakiwa na miaka ishirini na kitu sasa ni mabibi. Maji ya ufukweni yamepata joto, na mwani wenye bei nzuri, ule uitwao kotoni, hufa katika maji mafupi. Watafiti, Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari akiwa mstari wa mbele, wamehimiza uhamishiwe kwenye kina zaidi. Lakini maji ya kina yanadai ngalawa na kuogelea, na wanawake wengi wa kizazi kile hawakufundishwa kuogelea, kwa kuwa maji ya kimo yalihesabiwa kuwa ya wanaume. Kwa hiyo swali letu limekwisha kuulizwa Paje, na halikuulizwa kwa ajili ya likizo. Bibi wa miaka 60 ajifunze kuingia chini ya maji kwa sababu bahari imebadilika, au aache kazi iliyomsomeshea watoto? Kila ninaposoma makala juu ya faida za kuzamia uzeeni, pamoja na orodha zao za utulivu wa nafsi na wepesi wa viungo, namtafuta bibi huyo simuoni.

Tuje kwenye mwili, kwa kuwa nao una sheria zake. Mtu akifika mita 10, shinikizo juu yake limekuwa mara mbili ya la ufukweni. Kabla hajafika hata huko, kule kuingia majini tu husukuma damu kutoka miguuni kuelekea kifuani, na baridi hubana mishipa; moyo unapewa mzigo mkubwa usukume katika njia nyembamba. Kijana haoni tofauti. Mwenye mishipa migumu anaweza kuiona ghafla, naye yuko mahali ambapo kukaa chini apumzike hakuwezekani. Ndiyo maana taarifa za Divers Alert Network, shirika linalofuatilia ajali za wazamiaji na lenye tawi lake hapa Afrika Kusini, zimeonyesha mara kwa mara kwamba kwa waliovuka miaka 40 maradhi ya moyo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo majini. Hata hivyo mashirika makubwa ya mafunzo hayana ukomo wa umri wa juu. Fomu ya afya itumikayo karibu duniani kote humgeukia mtu aliyepita miaka 45 na kumuuliza kuhusu sigara, lehemu na moyo. Akijibu ndiyo, hutakiwa kwanza amwone daktari. Kwa maoni yangu ni utaratibu mzuri kuliko kufunga mlango. Umri wa miaka 70 peke yake hauelezi lolote juu ya mwili uliopo mbele yako.

Kwa wakazi wa Johannesburg kuna jambo la ziada. Mji uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na wazamiaji wake wengi huenda Sodwana Bay, wakazamia siku mbili tatu, kisha wakaendesha gari kurudi juu. Nitrojeni iliyoingia mwilini chini ya shinikizo hutoka polepole, na kupanda mlima ukiwa bado nayo ni kama kupanda ndege: viputo hupata nafasi. Mashauri ya kabla ya kuruka ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na 18 baada ya mbizi za kurudiarudia. Mwenye busara huongeza siku nzima. Mstaafu ana utajiri ambao mwajiriwa hana, nao ni Jumatatu. Anaweza kungoja.

Na wapo wanaozeeka majini pasipo mtu kuwahurumia. Katika kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, wanawake waitwao haenyeo huzamia bila mtungi kutafuta abaloni na mwani. Katika miaka ya 1960 walizidi 20,000. Sasa ni elfu chache tu, na wengi wao wamepita miaka 60, baadhi 80. UNESCO iliuorodhesha utamaduni wao mwaka 2016. Nao waliukataa mtungi kwa makusudi, kwa kuwa pumzi ya binadamu ndiyo mizani yao ya kutokumaliza bahari. Mwingereza Ray Woolley naye, mwaka 2019, akiwa na miaka 96, alizamia kwenye mabaki ya meli Zenobia karibu na Larnaca, Cyprus, zaidi ya mita 40. Lakini tusichanganye mambo. Haenyeo walianza wasichana, na Woolley alikuwa amezamia kwa makumi ya miaka. Miili yao iliijua kazi kabla haijazeeka. Anayeanza akiwa na miaka 65 ni mtu wa aina nyingine, na mfano wake wa kweli, nipende nisipende, ni yule mama wa Malindi.

Kwa hiyo ni lazima tuuangalie uongo wake. Kuzamia kwa mtungi hufanywa wawiliwawili. Kila mtu hubeba mdomo wa pili wa kupumulia kwa ajili ya mwenzake, na kila mtu huingia majini akiwa ameuamini mwili wa mwenzake. Miaka 20 ile haikutoweka ilipofutwa kwenye karatasi. Ilihamia kwa mtu mwingine, yule ambaye angelazimika kumpandisha kutoka mita 18 moyo wake ungesita. Wanaocheka na kisa hiki hawamhesabu mtu huyo. Leo, Watamu au Nungwi, mara nyingi ni kijana wa hapo hapo, mwenye cheti kilichomgharimu akiba ya miaka, ambaye mteja akimfia majini hatapata kazi nyingine kirahisi.

Na kwetu uongo huo una mlango mpana zaidi, kwa sababu ya adabu. Fikiria mstaafu aliyerudi kutoka Toronto au Muscat kumalizia miaka yake Unguja, ameingia darasani na fomu mkononi. Mwalimu ana miaka 26. Ameanza kwa shikamoo, ameitikiwa marahaba, na sasa inampasa kumuuliza mtu wa rika la babu yake kama ana presha, kama ana sukari, kama amewahi kuanguka. Hawezi, au anauliza huku akitazama chini. Mzee naye hataki binti zake wajue, hataki kurudishwa kwa daktari mbele ya watu, na alama ya "hapana" ni mchoro mdogo tu wa kalamu. Methali husema penye wazee haliharibiki neno. Hapa neno huharibika kwa kuwa mzee yupo. Sioni dawa nyingine isipokuwa mzee mwenyewe aanze: amwambie kijana umri wake, dawa anazomeza na upasuaji aliofanyiwa, kabla hajaulizwa, na hivyo amwondolee mzigo wa kuvunja adabu.

Akifanya hivyo, daktari akaridhika, sina sababu ya kumzuia. Nina sababu za kumhimiza. Maji hayajali goti bovu. Mtu asiye na haraka hupumua polepole, na hewa yake hudumu. Wengi wa kizazi cha wazazi wetu waliishi karibu na matumbawe maisha yao yote na kuyajua kwa jina la samaki aliyekaangwa. Kuna haki fulani katika kuyaona yakiwa hai, bila kikapu, bila nahodha, bila deni. Ningependa neno kuzamia lipate maana hiyo ya tatu na waliolipa maana mbili za kwanza wasisahaulike.

Hao wa kwanza tunawajua kidogo, na tunawajua kwa karatasi. Lulu za kupandwa za Japani na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 viliiangusha biashara ya Ghuba, na katika miaka hiyo wazamiaji watumwa walizidi kufika kwa wawakilishi wa Uingereza huko Sharjah, Bahrain na Bushire kuomba hati za uhuru. Maelezo yao yaliandikwa na makarani kwa mtindo ambao haubadiliki sana: jina, mahali alipozaliwa, umri. Mahali ni Zanzibar, au Sawahil tu. Umri ni kama miaka 35, kama miaka 40. Wengi walikuwa wamenyakuliwa wakiwa watoto na hawakuwa na mwaka wa kutaja. Karani aliutazama uso, akakisia, akajaza.